Wingi kwa Kubadili Irabu: Mwongozo Kamili wa Kuuelewa na Kuubuni

Miaka michache iliyopita, kikundi cha vijana wa michezo ya kuigiza kutoka upande wa Eastlands hapa Nairobi kiliniomba nikibunie lugha ya watu wanaoishi chini ya ziwa. Nilikaa jioni mbili nikaandika nomino arubaini pamoja na wingi wake, na kwa kuwa sikutaka wingi wa kubandika kiambishi kama ulivyo wetu, nilibadilisha irabu za ndani kadiri sikio lilivyopendezwa: "mela" ikawa "mula", "nela" ikawa "nila", "doma" ikawa "dima". Siku ya pili ya mazoezi, msichana aliyeigiza malkia aliinua karatasi yake akaniuliza, "Mwalimu, mbona 'mela' inageuka 'mula', lakini 'nela' inageuka 'nila'?" Sikuwa na jibu. Kabla ya juma kwisha waigizaji walikuwa wamesahau nusu ya maneno, na mimi mwenyewe nilikuwa nikichungulia daftari kila nilipoulizwa.

Kosa langu lilikuwa kuanzia mwisho. Katika lugha zinazosemwa na watu, irabu ya ndani ya neno haigeuki kwa kupenda kwake. Ama inageuka kwa sababu ya sauti nyingine iliyokuwa jirani yake, ambayo baadaye ilidondoka na kuacha alama tu, ama inageuka kwa sababu neno zima limemiminwa katika kalibu ya wingi iliyokwisha kuwapo. Anayetaka kujifunza wingi wa namna hii, na hasa anayetaka kuubuni, sharti kwanza ajue anafuata njia ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu hatua zake si sawa.

Anzia nyumbani: mwizi na wezi

Msemaji wa Kiswahili huambiwa tangu shule ya msingi kwamba wingi wetu ni wa viambishi awali: mtu huwa watu, kiti huwa viti, mti huwa miti. Hilo ni kweli, lakini chukua daftari uandike "jino" na "meno", kisha "mwizi" na "wezi", kisha "mwingine" na "wengine". Mgeni anayeyaona maneno haya kwa mara ya kwanza, bila kujua lolote kuhusu ngeli, angeweza kuapa kwamba Kiswahili huunda wingi kwa kugeuza "i" kuwa "e". Sisi tunajua kilichotokea. Kiambishi "ma" kilikutana na shina "ino", na kiambishi "wa" kilikutana na shina "izi", nazo irabu mbili zilizogongana, "a" na "i", zikaungana na kuwa "e". Walimu wa sarufi huliita jambo hili muungano wa irabu, na ndilo lililotupa pia "mengi" na "wengi".

Sasa andika "mwimbaji" chini ya "mwizi". Wingi wake ni waimbaji, wala hakuna anayesema "wembaji", ingawa "a" na "i" zimekutana pale pale. Vivyo hivyo Mwislamu huwa Waislamu. Tofauti ni kwamba katika "wezi" mshono umekwisha kufutika na neno limekuwa kitu kimoja kinywani, ilhali katika "waimbaji" msemaji bado anausikia mshono kati ya "wa" na "imba". Zaidi ya hayo lipo neno kaidi, "macho", ambalo kwa kanuni hiyo lingekuwa "mecho" lakini halikuwa. Yahifadhi maneno haya matatu akilini, yaani wezi, waimbaji na macho, kwa sababu lugha yoyote utakayoibuni ikiwa na la kwanza pasipo mengine mawili, itanukia maabara.

Njia ya kwanza: kiambishi kilichotoweka

Mtoto wa Nairobi hukariri "foot, feet", "tooth, teeth", "mouse, mice" bila kuelezwa sababu, na mara nyingi mwalimu wake naye hakuelezwa. Sababu yenyewe si ngumu. Katika lugha mama ambayo Kiingereza na Kijerumani vilichipuka kwayo, wingi wa maneno hayo ulikuwa na kiambishi tamati chenye sauti "i": wanaisimu hukadiria kwamba mguu uliitwa "fōts" na miguu ikaitwa "fōtiz", panya akaitwa "mūs" na wingi wake "mūsiz". Msemaji alipokuwa akitamka "o" au "u" ya katikati, ulimi wake ulikuwa tayari unajiandaa kuifikia "i" inayokuja, hivyo ukasogea mbele kabla ya wakati. Irabu ya nyuma ikawa irabu ya mbele. Baadaye kiambishi kikachakaa, kikadondoka, na kazi yote ya kuonyesha wingi ikaiangukia irabu iliyogeuka. Hili ni jambo la aina ile ile tunayoiita usilimisho, yaani sauti kuiga jirani yake, ila jirani mwenyewe amehama.

Kijerumani kilifuata njia hiyo hiyo kwa mapana zaidi, na wanaokisoma hapa jijini wanajua usumbufu wake: "Vater" (baba) huwa "Väter", "Apfel" (tofaa) huwa "Äpfel", "Bruder" (ndugu wa kiume) huwa "Brüder". Nukta mbili zile juu ya herufi zilianza kama herufi "e" ndogo iliyoandikwa juu ya irabu ili kumwonya msomaji kwamba sauti imesogea mbele. Katika Kijerumani cha kale ushahidi bado uko wazi: mgeni aliitwa "gast" na wageni "gesti", na ile "i" iliyoivuta "a" ikawa "e" inaonekana kwa macho, haijafutwa. Leo ni "Gast" na "Gäste". Jambo lenyewe huitwa umlauti.

Kiwelisi, lugha ya Wales isiyo na udugu wa karibu na Kiingereza, kilifika mahali hapo hapo kwa miguu yake chenyewe. Mshairi ni "bardd", washairi ni "beirdd"; gari ni "car", magari ni "ceir". Hata neno "castell" (ngome), lililokopwa kutoka Kilatini, lilivishwa vazi hilo likawa "cestyll" katika wingi. Hapa napo palikuwa na kiambishi chenye "i" ndefu kilichodondoka.

Mtu aliyeielewa njia hii kuliko wabunifu wengi ni J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyekipenda Kiwelisi. Katika lugha yake ya kubuni ya Sindarin, mtu ni "adan" na watu ni "edain", kilima ni "amon" na vilima ni "emyn". Lakini kinachofaa kuigwa si maumbo hayo, ni jinsi alivyoyafikia. Alibuni lugha nyingine ya ukoo huo huo, Quenya, ambamo wingi wa "Atan" ni "Atani", na kiambishi bado kimesimama mwishoni. Ukiziweka kando kando, "Atani" ya upande mmoja inakueleza "edain" ya upande wa pili imetoka wapi. Kwanza alikijenga kiambishi, kisha akakifuta.

Hatua kwa hatua: kujenga na kufuta

Tuchukue mashina matano ya lugha mpya, kila moja likiwa na irabu yake: "gal" (jiwe), "bel" (mto), "rim" (jicho), "tor" (mti) na "dum" (mbwa). Yaandike kwa kushuka katika ukurasa mpana, kwa sababu utahitaji safu nne au tano upande wa kulia.

Hatua ya kwanza ni kubandika kiambishi cha wingi mwishoni, nacho kiwe "i". Unapata gali, beli, rimi, tori, dumi. Usikivukie kipande hiki kwa kuona ni cha kitoto. Hii ndiyo lugha ya mababu wa lugha yako, na ukiiruka utarudi kwenye kosa langu la "mela" na "mula".

Hatua ya pili ni kuiacha "i" iivute irabu iliyoitangulia. Tamka "gali" polepole, ukishika kidevu kwa vidole viwili: kidevu kinashuka kwenye "a" kisha kinapanda kwenye "i". Sasa tamka haraka, mara kumi mfululizo, bila kukipa kidevu nafasi ya kushuka chote. Utajisikia ukisema kitu kilicho karibu na "geli". Kwa njia hiyo "a" inapanda kuwa "e", na "e" ya beli inapanda kuwa "i", tukapata geli na bili. "Rimi" haina pa kupanda, hivyo inabaki ilivyo. Kwa "o" na "u" mambo ni mageni kidogo kwa mdomo wa Mswahili, kwa sababu ulimi unasogea mbele lakini midomo inabaki imeviringwa. Namna ya kuipata sauti hiyo ni kutamka "i" na kuishikilia, kisha kuviringa midomo kama anayepiga mluzi bila kuusogeza ulimi hata kidogo. Sauti inayotoka ndiyo Wajerumani huiandika "ü". Ukifanya vivyo hivyo kwa "e" unapata "ö". Basi tori inakuwa töri, na dumi inakuwa dümi.

Hatua ya tatu ni kuidondosha "i" ya mwisho. Ni lazima hatua hii ije baada ya ile ya pili, kwa sababu ukikidondosha kiambishi kabla hakijaivuta irabu, wingi wote unapotea bila kuacha alama, nawe unabaki na gal moja na gal nyingi. Safu yako sasa inasomeka hivi: gal na gel, bel na bil, rim na rim, tor na tör, dum na düm.

Hatua ya nne si ya lazima. Ukiona "ö" na "ü" zitawasumbua wasomaji au waigizaji wako, zinyooshe midomo: "ö" iwe "e" na "ü" iwe "i", ili upate tor na ter, dum na dim. Usidhani huu ni udanganyifu. Kiingereza kilifanya hivyo hivyo, kwani "mice" ilipitia umbo "mȳs" lililokuwa na sauti ya "ü" kabla midomo haijanyooka. Faida yake kwa mbunifu ni kwamba baada ya kunyoosha, uhusiano kati ya "o" na "e", au kati ya "u" na "i", unaonekana wa ajabu na wa kale, ilhali wewe unayo sababu yake kwenye daftari. Waigizaji wangu walikuwa watu wa irabu tano, kwa hiyo nilinyoosha.

Ukiwa na wasaidizi wanaosema Kikuyu au Kikamba nyumbani, una mtaji mwingine. Lugha hizo zina irabu saba, na Kikuyu huziandika zile mbili za ziada "ĩ" na "ũ". Badala ya kuipandisha "e" moja kwa moja hadi "i", unaweza kuisimamisha katikati, na msemaji wa Kikuyu ataisikia tofauti bila jasho. Mimi sikuithubutu, kwa kuwa nusu ya kikundi ingezichanganya.

Maneno ya silabi mbili yanakudai uamuzi. Chukua "bator" (mvuvi). Wingi wa kwanza ni batori, halafu batöri, halafu ama unaishia hapo na kupata bator na bater, ama unaiacha nguvu ya kiambishi iendelee kurudi nyuma hadi silabi ya kwanza, upate beter. Kiwelisi katika "castell" na "cestyll", na Sindarin katika "amon" na "emyn", huigeuza silabi zaidi ya moja. Kwa maoni yangu njia hii ya pili inapendeza zaidi masikioni, lakini ukishaichagua usiiache njiani.

Maneno yanayogoma

Katika orodha ile "rim" haikubadilika, na mbunifu asiye na uzoefu hulikimbilia neno hilo kulitibu. Mimi nakushauri ungoje kwanza. Katika Kiswahili, kalamu moja ni kalamu na kalamu kumi ni kalamu, nyumba ni nyumba, wala hatujawahi kupotezana, kwa sababu wingi wetu haubebwi na nomino peke yake. Tunasema "nyumba hii imebomoka" na "nyumba hizi zimebomoka", na habari ya idadi imesemwa mara mbili bila nomino kutikisika. Kama lugha yako ina upatanisho wa kisarufi kwenye vivumishi au vitenzi, acha rim ibaki rim. Kama haina, ongeza kiambishi kipya juu ya umbo lililogeuka, kama Kijerumani kinavyofanya katika "Haus" (nyumba) na "Häuser", ambamo irabu imegeuka na mkia umeongezwa.

Lipo pia tatizo la kugongana. Ukiwa na "tar" (mashua), wingi wake utakuwa "ter", nao "ter" ni miti. Nilipoligundua hilo nilitaka kufuta neno moja, kisha nikaliacha, kwa kuwa watu wa chini ya ziwa kuita mashua na miti kwa jina moja kulimpa mwandishi wa mchezo mzaha ambao hakuutarajia. Migongano mitatu au minne inavumilika. Ikizidi hapo, rudi kwenye mashina uyabadilishe, usizibadilishe kanuni.

Kisha tengeneza vizuizi. Katika Kijerumani cha kale, "a" iliyofuatwa na konsonanti "ht" haikugeuka "e" kama ile ya "gast": nguvu iliitwa "maht" na wingi wake "mahti". Wewe pia unaweza kuamua kwamba konsonanti mbili zikifuatana baada ya irabu, mvuto wa "i" haupiti. Basi "galk" itakuwa galki, nayo "i" ikidondoka tutabaki na galk ileile, ambayo baadaye wasemaji wataitafutia kiambishi kingine. Kwa namna hii unapata maneno yasiyofuata kanuni, lakini kila moja lina kisa chake, kama "waimbaji" na "wezi".

La mwisho katika sehemu hii ni kuamua maneno gani yataudumisha mtindo wa kale na yapi yatauacha. Kiingereza cha kale kilikuwa na "bōc" (kitabu) na wingi wake "bēc", lakini leo watu husema "books" kwa mkia wa kawaida. Waliobaki na irabu iliyogeuka ni wachache, nao ni mwanamume, mwanamke, mguu, jino, bata bukini, panya na chawa. Tazama orodha hiyo: ni watu, viungo vya mwili, na viumbe wanaoishi na binadamu chini ya paa moja. Maneno yanayosemwa kila siku hukumbukwa yalivyo, na yale yanayosemwa kwa nadra hurudishwa kwenye kanuni ya jumla. Mtoto wa jirani yangu husema "majino" hadi leo, na mama yake humsahihisha, kwa sababu neno lenyewe linatajwa kila asubuhi mbele ya mswaki. Basi katika kamusi yako weka wingi wa irabu kwenye sikio, mama, mbuzi, moto na mkono, na uwape mkia wa kawaida hakimu, nanga na kodi.

Njia ya pili: kalibu

Kiarabu kina mtindo ambao wanasarufi wake huuita jamu taksiri, yaani wingi wa kuvunja, kwa sababu umbo la umoja linavunjwa na vipande vyake vinapangwa upya. Hapa hakuna kiambishi kilichodondoka cha kutafuta. Neno lina konsonanti zake, kwa kawaida tatu, ambazo hazibadiliki, na irabu humiminwa kati yake kwa kufuata kalibu. Mswahili ana bahati, kwa sababu konsonanti nyingi za mifano tayari anazo kichwani. Kitabu ni "kitāb" na vitabu ni "kutub"; kalamu ni "qalam" na wingi wake "aqlām"; jabali ni "jabal" na majabali ni "jibāl"; moyo ni "qalb" na mioyo ni "qulūb"; herufi ni "ḥarf" na wingi wake "ḥurūf". Neno letu "herufi", hata likiwa la umoja, limetokana na wingi huo wa mwisho, kama vile malaika mmoja wa Kiswahili alivyotoka kwenye "malāʾika", ambayo kwa Mwarabu ni wengi. Na kitabu kilipoingia pwani kikiwa na "ki" ya shina lake, babu zetu waliihesabu kuwa kiambishi cha ngeli wakasema vitabu, kosa zuri kuliko usahihi mwingi.

Anayejifunza Kiarabu hupewa ushauri mmoja wa haki: jifunze umoja na wingi pamoja, kama majina mawili ya mtu mmoja, kwa sababu umbo la umoja halikuambii daima kalibu ya wingi. Ila kuna kona moja ambamo unaweza kutabiri kwa uhakika mkubwa. Maneno yenye konsonanti nne hupokea irabu "a", kisha "ā" ndefu katikati, kisha "i". Daftari, "daftar", huwa "dafātir". Nyota, "kawkab", huwa "kawākib". Msikiti, "masjid", huwa "masājid". Madrasa huwa "madāris". Tamka hizo nne kwa sauti, moja baada ya nyingine, utasikia mdundo mmoja, na mdundo huo ndio kalibu yenyewe.

Mbunifu anayetaka njia hii aanze kwa kuamua kalibu chache, mbili au tatu tu, wala asizigawe kwa bahati nasibu. Agawanye kwa umbo, kwa mfano kalibu moja ya mashina yenye konsonanti tatu na nyingine ya yenye nne, au agawanye kwa maana, moja ya watu na nyingine ya vitu. Tuseme konsonanti ni s, m na r, na umoja ni "samr" (wavu). Kalibu ya wingi ikiwa na "u" fupi kisha "uu" ndefu, wingi ni "sumuur". Neno jipya "dalk" litakuwa "duluuk" bila kuuliza mtu. Hatari ya njia hii ni kwamba kila shina lazima likubali kupasuliwa, na mashina yenye konsonanti moja au mbili hukosa pa kushikwa. Ndiyo maana nilipoijaribu kwa ajili ya mchezo wetu niliiacha baada ya siku moja: maneno yangu mengi yalikuwa mafupi mno.

Majirani wa njia hizi

Usichanganye mambo yaliyotajwa hapo juu na kubadilisha irabu ya mwisho tu. Kiitaliano husema "libro" kwa kitabu na "libri" kwa vitabu, nayo Ido, lugha ya kubuni iliyotangazwa mwaka wa 1907 ili kuirekebisha Esperanto ya mwaka wa 1887, ilichukua mtindo huo huo wa "o" kuwa "i". Hapo irabu ni mkia unaobadilishwa, na mbunifu hana hesabu ya kufanya.

Dholuo, inayosikika kila pembe ya jiji hili, ina mchezo wake kwenye konsonanti: mlima ni "got" na milima ni "gode", jiwe ni "kidi" na mawe ni "kite", na hata kitabu cha kukopa huwa "kitepe". Tazama jinsi "t" inavyogeuka "d" na "d" inavyogeuka "t", kila moja ikikimbilia upande wa pili. Katika "ot" (nyumba) na "udi", irabu nayo imeshiriki. Jamaa yake wa Sudan Kusini, Kidinka, ambacho maneno yake mengi ni ya silabi moja, hutenga umoja na wingi kwa ubora wa irabu, urefu wake na toni kwa pamoja. Kisomali nacho kinaweza kutofautisha fahali mmoja, "díbi", na mafahali, "dibí", kwa kuhamisha mkazo peke yake. Mbunifu mwenye masikio mazuri hahitaji kwenda Ulaya kutafuta mifano. Akae siku nzima Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, na jioni apande gari la kwenda Kibera, wanakoishi Wajaluo wengi.

Kupima kabla ya kutangaza

Kipimo cha kwanza nakiita kipimo cha matatu. Msomee mwenzako maneno ya umoja na wingi mkiwa ndani ya matatu yenye muziki, naye aonyeshe kidole kimoja au vingi. Jozi ya gal na gel ilipita bila shida. Jozi ya bel na bil ilianguka mara nyingi kiasi kwamba nililazimika kuirefusha irabu ya wingi, ikawa bel na biil. Urefu wa irabu ni dawa rahisi na inaaminika, kwa sababu irabu fupi inapodondoka mwishoni mwa neno, si ajabu ile iliyobaki ikarithi muda wake.

Kipimo cha pili ni cha idadi. Amua mapema kama baada ya namba nomino inakuwa katika wingi. Sisi tunasema watu watano na hatuoni njia nyingine, lakini Kiwelisi huacha nomino katika umoja baada ya namba, na Kiarabu hutumia wingi kuanzia tatu hadi kumi, kisha kinarudi kwenye umoja kuanzia kumi na moja. Ukiacha jambo hili bila kuamua, litakuzukia katikati ya mazungumzo ya jukwaani.

Kipimo cha tatu, ambacho ni kikubwa kuliko vyote, ni kumpa mtu neno asilolijua. Mwaka wa 1958 mwanaisimu wa Marekani Jean Berko alichapisha utafiti ambamo watoto walionyeshwa mchoro wa kiumbe aliyeitwa "wug", kisha wakaonyeshwa wawili na kuachiwa wamalizie sentensi. Kwa kuwa neno lilikuwa la kubuni, hakuna mtoto aliyeweza kuwa amelisikia kwa mama yake, hivyo jibu lilionyesha kanuni iliyomo kichwani mwake. Nilifanya hivyo hivyo baada ya kuiandika upya lugha ya ziwani. Nilichora samaki mwenye pembe, nikamwita "hod", nikachora wa pili kando yake, nikamgeukia malkia. Akakunja uso kidogo, akasema, "Hed." Hakuwa amelisoma popote. Nikamwuliza kijana aliyeigiza mlinzi, ambaye alikuwa amekosa mazoezi ya juma hilo na alikuwa amesimama mlangoni, yeye angesemaje. "Hodi," akajibu, na chumba kizima kikaitikia, "Karibu!"

Hata hivyo jibu lake halikuwa kosa kamili, kwa sababu "hodi" ndiyo safu ya kwanza ya daftari langu, kabla "i" haijavuta wala kudondoka. Tulikuwa na mhusika mmoja, bibi kizee wa ziwani anayekumbuka enzi za kale, na mistari yake ilikuwa bado haijaandikwa. Yeye ndiye tuliyempa gali, tori na dumi, pamoja na hodi.